Bango Nililolisahihisha

Ilikuwa mwaka ule barabara yetu ilipowekwa lami. Hapana, ngoja kwanza, nadanganya. Lami iliwekwa shemeji yangu akiwa hai bado, maana namkumbuka akilalamika kwamba vumbi limeisha lakini sasa moshi wa magari unaingia kwenye vitambaa. Basi ulikuwa mwaka uliofuata. Mnivumilie. Miaka siku hizi inanichanganya, inafanana kama makopo ya rangi yaliyobanduka karatasi. Mpaka ufungue ndipo ujue ndani kuna nini.

Nataka kuandika habari za mdogo wangu. Si mtu mashuhuri. Ni mwanamke aliyeuza vitambaa vya makochi na mapazia kwa miaka ishirini na miwili katika duka moja, mpaka watu wakasahau jina lake wakamwita Mama Vitambaa. Mtoto hakujaliwa, na yeye mwenyewe alikuwa akisema kwa mzaha kwamba vitambaa ndivyo vilivyompa umama. Hiyo ni zamani, alipokuwa na mzaha.

Mkono wake ulikuwa na macho. Umfunge kitambaa usoni, umwekee kingine kiganjani, atakusugulia kwa dole gumba na vidole viwili, kisha atakwambia hiki ni pamba, hiki kimechanganywa, hiki kitapasuka kabla mtoto wako hajaanza shule. Mteja akija akisema anataka cha bluu, atamwambia, "Weka mkono kwanza, rangi baadaye. Rangi utaizoea, lakini ukikalia gunia utajua umekalia gunia."

Mumewe alikuwa fundi makochi, nyuma ya duka hilohilo, kwenye stoo yenye dirisha moja. Mafundi wa kazi hiyo huweka misumari midogo mdomoni, ili mkono mmoja uvute kitambaa na mwingine ushike nyundo, na msumari utoke kwenye midomo ukiwa tayari. Kwa hiyo shemeji ukimsalimu asubuhi alikuitikia kwa nyusi. Ukimuuliza jambo alisema "mm", na ungejua mwenyewe kama hiyo "mm" ni ndiyo au hapana. Mdogo wangu alikuwa akisema, "Mimi nimeolewa na mume wa nusu saa kwa siku. Wakati wa chakula cha mchana tu ndiyo nasikia sauti yake."

Shemeji alikufa siku ya Jumanne, saa nane mchana, akiwa amepiga goti mbele ya kiti cha mteja ambaye hakurudi tena kukidai. Mdogo wangu aliingia na sahani. Akaiweka chini. Akamlaza mumewe chali, akamfungua mdomo, akamtoa misumari mmojammoja, asije akaimeza. Ilikuwa kumi na mmoja. Akaitia kwenye kopo lake. Ndipo akatuita.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alitoa misumari kabla ya kuita watu, alinitazama kama vile mimi ndiye nisiye na akili. "Kaka, ingemkwama."

Hakulia. Msibani yeye ndiye aliyekuwa akimimina chai. Wanawake wakanong'ona, huyu ana moyo au ana tofali? Mimi ni kaka yake, nikajipa ruhusa ya kumuuliza anajisikiaje. Akaweka birika chini. "Unajua mguu ukiukalia vibaya? Unaushika, unaona upo, lakini kama wa mtu mwingine. Basi hivyo. Mwili mzima." Akachukua birika akaenda kuongeza maji.

Sasa nakuja kwenye lile nililotaka kulisema. Mwenye duka alichoka na biashara ya vitambaa, akaipangisha ile nyumba kwa kampuni. Kampuni ikapaka kuta zote rangi nyeupe, ikatoa rafu, ikatoa meza, ikaacha chumba kitupu chenye kiti kimoja cha kuzunguka na waya unaoning'inia kutoka darini. Kwenye ncha ya waya kulikuwa na miwani. Nasema miwani kwa sababu wao waliita miwani. Mimi niliona kama kofia ya mchomelea vyuma iliyokatwa nusu.

Aliyeletwa kuisimamia alikuwa kijana mmoja mwembamba, mstaarabu, mwenye laptopu ambayo hakuifunga hata alipokuwa anatembea. Tulimwita Bwana Soko, maana hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Alimwajiri mdogo wangu kwa kuwa watu walimjua. Siku ya kwanza nilikuwapo.

"Mama," akamwambia, "humu ndani kuna makochi elfu mbili."

Mdogo wangu akazitazama kuta. "Yako wapi?"

"Ndani ya miwani. Mteja anavaa, anajikuta sebuleni. Anageuka, anaona kochi, pazia, kabati, kitanda. Akilipenda tunamletea la kweli kutoka ghala kuu."

"Na akitaka kulikalia kwanza?"

"Atalikalia likifika."

"Akitaka kushika kitambaa?"

Bwana Soko akakuna kichwa. "Hilo, mama, teknolojia bado inalifanyia kazi."

Nikaingilia, maana mdomo wangu haujui kupumzika. "Mwanangu, kwa hiyo hili ni duka la fanicha lisilo na fanicha?"

"Ndiyo uzuri wake, mzee! Soko la kitu hiki ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Lipo. Limelala tu."

"Likilala nani analilinda?"

Akacheka, kijana mwema. Mdogo wangu hakucheka. Zamani angeongeza mzaha wake juu ya wangu.

Kulikuwa na kitu kingine pia, tableti. Hiyo unakwenda nayo nyumbani kwa mteja, unaielekeza kwenye kona ya sebule yake, na kwenye kioo unaona kochi limekaa palepale. Walinijaribishia kwangu. Kochi likakaa juu ya paka wangu, na paka akaendelea kulala.

Masharti yalikuwa haya. Miezi mitatu ya majaribio. Laptopu ya Bwana Soko ilikuwa inaandika yenyewe ni watu wangapi wamevaa miwani na kila mmoja amekaa ndani kwa muda gani. Ikionekana soko lipo, kampuni inachukua nyumba ile kwa miaka mitano na mdogo wangu anabaki. Ikionekana halipo, wanarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba, naye alishasema waziwazi kwamba ataibomoa.

Na nyuma kulikuwa na ile stoo. Kampuni haikuwa na haja nayo, ikamwachia. Ndani mlikuwa na nyundo ya shemeji, mkasi wake, kopo la misumari, na kile kiti kilichofunikwa nusu, kitambaa kikining'inia upande mmoja kama alivyokiacha. Mdogo wangu aliingia humo kila siku saa nane, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatoka saa nane na nusu. Kila mtu mtaani alijua kwamba asichotaka kuachana nacho ni hicho chumba. Mshahara ulikuwa jambo la pili.

Basi wakanihitaji mimi. Nimechora mabango maisha yangu yote. Shule nilifika darasa la nne, lakini herufi nazijua kwa mkono. Tumbo la B, mguu wa R, najua lipi linachosha jicho na lipi linaliita. Bwana Soko akanipa karatasi ya maneno ya kuandika juu ya mlango. Iliandikwa: CHUMBA CHA UHALISIA PEPE. INGIA UONE.

Nikaisoma mara tatu. Uhalisia nikaelewa, kitu cha kweli. Lakini pepe? Pepe ninalolijua mimi ni la mpunga, ile punje ukiipasua hukuti kitu ndani. Nikasema moyoni, hawa vijana wa ofisini jamani, Kiswahili kimewashinda. Nani anaandika juu ya mlango wake mwenyewe kwamba ndani ni mtupu? Ni wazi walitaka kuandika pepo, ile ya watu wema. Na kwa kuwa sikupenda kumwaibisha kijana wa watu mbele ya mfanyakazi wake, nikamsahihishia kimyakimya.

CHUMBA CHA UHALISIA PEPO. INGIA UONE.

Lile O la mwisho nililichora vizuri kuliko yote. Mdogo wangu ndiye aliyenishikia ngazi. Nilipomaliza nikamuuliza, "Limenyooka?" Akainua macho, akatazama bango, akasema, "Limenyooka, kaka." Bwana Soko hakuwahi kulitazama, kichwa chake kilikuwa kwenye laptopu.

Wiki tatu za kwanza hazikuwa na watu. Walipita, wakachungulia, wakaona mwanamke aliyevaa nguo nyeusi amesimama katika chumba cheupe, wakaendelea na safari zao. Bwana Soko alianza kula kucha. Kisha akaingia mpagazi mmoja wa sokoni, mtu mzima, gunia bado begani.

"Samahani mama. Hapa ndipo mnapowaonyesha waliotangulia?"

"Tunaonyesha makochi," mdogo wangu akasema.

"Sawa, sawa, makochi." Akakonyeza kama mtu anayejua kwamba mambo ya maana hayasemwi mlangoni. "Mimi namtaka baba."

"Baba, ni chumba tu. Kina kiti, kitanda na pazia."

"Basi nitamsubiri humo."

Akamvalisha. Yule bwana akageuka polepole kwenye kile kiti, gunia mapajani. Akakaa muda mrefu. Alipovua alikuwa mtulivu. "Pazuri," akasema. "Nimemkosa, labda katoka. Nitarudi Ijumaa."

Ijumaa akarudi na wenzake sita.

Hapo ndipo soko lilipoamka. Nilikuwa nakaa kwenye benchi ya nje nikiwaona. Alikuja karani mstaafu mwenye kalamu tayari mkononi, anataka kumuuliza marehemu babu yake mpaka wa shamba ulipita upande gani wa mti. Walikuja dada wawili wanaogombana njia nzima ni nani mama alimpenda zaidi. Wakavaa kwa zamu, wakatoka, kila mmoja akasema mama hakuwapo kwa sababu ya mwenzake. Na alikuja bibi mmoja mfupi, asiyejua kusoma, aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Huyo alikuja kila Jumatatu. Alivua viatu mlangoni.

Mdogo wangu hakumdanganya mtu hata mmoja. Nataka hilo lieleweke. Kila aliyeingia alimwambia kwa sauti ileile, bapa kama ubao, "Ni chumba tu. Kina kiti, kitanda na pazia." Nao wakaitikia, ndiyo mama, hata kiti kinatosha. Hakuna aliyenunua hata mto.

Mimi kufikia hapo nilikuwa nimeshaelewa nilichofanya. Karani mstaafu alinieleza, kwa dharau ya watu waliosoma, kwamba neno ni pepe, ndivyo wataalamu walivyoliunda, na kwamba aliyeandika bango ni punguani. Nikamwambia kweli kabisa, huyo mtu hana akili. Bango nikaliacha. Miezi mitatu ilikuwa inakaribia kwisha na Bwana Soko alikuwa anatabasamu peke yake.

"Mzee," aliniambia, "takwimu zinashangaza! Katika matawi mengine mtu anakaa kwenye miwani dakika nne. Hapa dakika ishirini na tano! Hawa watu wanaangalia fanicha kwa makini sana."

"Sana," nikasema.

Kwa sababu ya hizo dakika ishirini na tano, makao makuu yakamtuma Mkurugenzi aje kuona kwa macho yake. Mama wa makamo, nadhifu, mwenye sauti laini. Alishuka kwenye gari siku ya Jumatatu, na kabla hajagusa mlango akainua kichwa akasoma bango. Nikaona midomo yake ikitamka lile neno la mwisho. Nikainuka kwenye benchi bila kuambiwa, kama mwanafunzi.

Akaingia. Yule bibi mfupi alikuwa ndiyo kwanza anavua miwani.

"Shikamoo mama. Umependa nini humo ndani, sofa au kitanda?"

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumwangalia mwanangu."

Mkurugenzi akamgeukia Bwana Soko. Bwana Soko akatoka nje, akatazama juu, akarudi amebadilika rangi. Nikajua sasa tunafukuzwa, mimi na mdogo wangu na kile kiti. Lakini yule mama hakukasirika. Alivuta pumzi, akatazama foleni iliyofika hadi barabarani, akasema polepole, "Kumbe hili ndilo soko."

Akamketisha mdogo wangu, akamweleza vizuri, kwa heshima, sina la kumlaumu. Kwamba kuuza makochi ndani ya miwani wanaweza watu wengi. Lakini hiki ambacho watu wenyewe wamekuja kukiomba, bila tangazo, bila kushawishiwa, hakijauzwa na mtu katika nchi hii. Wanachohitaji ni picha za marehemu na sauti yake. Wataalamu watamketisha kwenye chumba, atageuza kichwa, ataitikia. Tawi hili litakuwa la kwanza. Miaka mitano, na baada yake mingine mitano, na yeye ndiye mkuu wa tawi.

"Tunahitaji mtu mmoja wa mfano," akasema. "Nimeambiwa ulifiwa, dada. Una picha?"

"Zipo."

"Na sauti?"

"Ipo kwenye simu. Nyingi ni 'mm'. Alikuwa na misumari mdomoni."

Bwana Soko akafunga laptopu. Nilikuwa sijawahi kuona mfuniko wake kwa nje. Ulikuwa na kibandiko cha ua.

Mdogo wangu akainuka, akaishika ile miwani. Miezi mitatu amewavalisha watu na hakuwahi kuivaa mwenyewe. Akaivaa. Akakaa, akageuka kushoto, akageuka kulia. Akanyoosha mkono, na pale hewani, mbele yetu sote, dole gumba likaanza kusuguana na vidole viwili. Lilisugua kwa muda. Kisha akainama, akainama sana, mpaka shingo ikapinda, kama anayechungulia uvunguni. Hiyo ni tabia ya mke wa fundi makochi. Kiti hakipimwi kwa juu. Unakipindua, unaangalia mbao, unaangalia misumari ilivyopangwa.

Alikaa ameinama hivyo nisijue ni muda gani. Laptopu ilikuwa imefungwa.

Alipovua, uso wake ulikuwa uleule. "Hapana," akasema.

"Fikiria kwanza, dada. Wala si lazima utujibu leo."

"Nimefikiria. Kiti chenu hakina chini."

"Samahani?"

"Kwa juu kipo. Nimechungulia chini, hamna kitu. Mume wangu mtamkalisha wapi?"

Mkurugenzi akasema hilo ni jambo dogo, wataalamu watachora chini pia. Mdogo wangu akamwambia asante, lakini hapana. Kisha akanigeukia. "Kaka, lete brashi."

Nilipanda, magoti yakilalamika. Yeye akashika ngazi. Nikalifunika lile O langu zuri kwa rangi nyeupe, likakauka, nikaandika E. Kutoka juu nilimwona mpagazi kwenye foleni akisoma taratibu kwa kidole. "Pepe? Yaani kapi?" Akacheka kidogo, akabeba gunia lake, akaenda. Mpaka mwisho wa wiki foleni ilikuwa imekwisha.

Yule bibi mfupi tu ndiye aliyeendelea, kwa kuwa bango lilikuwa halimhusu. Jumatatu ya mwisho mdogo wangu alimwambia tena, "Bibi, ni chumba tu."

"Najua, mjukuu wangu. Tangu siku ya kwanza uliniambia. Nivalishe."

Bila foleni na bila mtu wa mfano, kampuni ikaondoka. Bwana Soko alituaga kwa mikono miwili, akaniambia soko ni gumu kulisoma, mzee. Mimi na mdogo wangu tulitoa vitu vya stoo kwa mkokoteni: nyundo, mkasi, kopo, na kile kiti, ambacho tulikifunga kamba kitambaa kisiburute. Nyumba ilibomolewa mwezi uleule. Niliangalia nipate japo ubao wa bango langu, lakini ulikuwa umeshavunjika vipande viwili.

Sasa anakaa kwangu. Kiti kiko barazani, naye anakimalizia, polepole, msumari mmoja leo, miwili kesho. Hakufundishwa, ila aliangalia kwa miaka mingi. Saa nane mchana anapiga goti, anatia misumari mdomoni, anavuta kitambaa. Mimi nakaa pembeni na paka wangu.

Jambo moja limenikaa moyoni. Mdogo wangu alisoma kunipita, alimaliza madarasa yote, na barua zangu yeye ndiye aliyekuwa akizisahihisha tangu utoto. Siku ile ya kwanza alikuwa chini ya ngazi, aliinua macho, akatazama. Kwa hiyo juzi nikamuuliza. Akaniitikia "mm", nyundo haikusimama, na mimi sina kipaji alichokuwa nacho yeye cha kujua ipi ni ndiyo na ipi ni hapana. Nikasubiri amalize misumari, akatia mingine. Nikamuuliza tena jana, na leo tena: mdogo wangu, ulipokuwa umenishikia ngazi, uliliona lile O?